Tulivyompelekea Rozi Msiba Wake

Neema, Frida, na wenzangu wote wa ofisini: tangu nirudi mnaniuliza Nairobi kulikuwaje, na kila nikianza kusimulia, ama simu inalia ama bosi anaingia. Sasa naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome. Habari za pasi, tiketi na ruhusa ya likizo nimeziacha, maana hazikunifurahisha hata siku nilipokuwa nazishughulikia.

Ila kuna jambo moja lazima mlijue kabla hatujaondoka Makole, hapa Dodoma. Mnakumbuka mlivyokuja kunipa pole nilipofiwa na kaka Idrisa, mtoto wa shangazi yangu wa Busi. Tulimzika, tukasoma hitima, watu wakarudi mashambani kwao. Lakini shangazi alikataa matanga yaanuliwe. Mkeka waliokalia akina mama uliendelea kutandikwa chumbani kwake, mwezi ukaisha, na mwingine ukaisha. Alipoulizwa alisema kuna ndugu mmoja wa Idrisa hajapewa habari, na kwetu msiba haumalizwi nyuma ya mgongo wa ndugu.

Ndugu huyo anaitwa Rozi, anaishi Nairobi, na shangazi hakumzaa. Alimnyonyesha. Kwetu sisi, mtoto akinyonya kwako akashiba, huyo ni wako, na waliochangia ziwa ni ndugu kama waliochangia tumbo. Shangazi alitaka ampelekee Rozi msiba wake kwa mkono, na mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu, alisema, nimezoea ofisi na siogopi watu wenye sare.

Makole hadi Chemba

Nilifika stendi asubuhi na chapati mbili mkononi, nikazimaliza kabla basi halijawasha injini. Basi lenyewe halikuwa na haraka na mtu. Kondakta alikuwa anasubiri abiria mmoja ambaye, kwa maelezo yake, "yuko hapo tu anakuja." Mnajua nilivyo na subira. Nilinuna mpaka tukatoka mjini, mashamba ya alizeti yakaanza, vichwa vyote vimetazama upande mmoja, na nikajikuta nimesahau nilichonunia.

Chemba tulikuta mnada wa mifugo. Tuliambiwa tutasimama kidogo, lakini mfanyabiashara mmoja alitaka mbuzi wake wasafiri kwenye buti na kondakta alitaka wasafiri kwa gari lao, na kila mmoja alikuwa na wapambe. Nikaona bora nile. Supu ya mbuzi ya Chemba, jamani, si ile ya karibu na ofisi yetu inayoonyeshwa nyama kwa mbali. Mama aliyeniuzia aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia namfuata shangazi, tunapeleka habari ya msiba Nairobi.

"Nairobi ya ng'ambo ya mpaka?"

"Hiyo hiyo."

"Simu hakuna huko?"

"Zipo, mama. Shangazi hataki."

Akaniongezea pilipili na mfupa wenye uboho. "Basi shangazi yako ana adabu. Kula ushibe, una kazi kubwa."

Busi

Kondoa mjini nilipanda gari dogo la kwenda Busi na kufika jua likiwa bado juu ya vilima. Shangazi alikuwa uani anasaga karanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko Dodoma mnakula karatasi?"

Mizigo yake ilikuwa imefungwa tayari: dumu la mafuta ya alizeti, asali, karanga, kifuko cha mlenda mkavu uliotwangwa, na mkeka. Mkeka ule ule. Alikuwa ameuzungushia khanga na kuufunga kamba kama mtu anayejua safari.

Nikamwomba anisimulie tena habari za Nairobi, maana tangu utoto nilizisikia vipande vipande. Akasimulia huku anasaga. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege. Siku hizo nchi zetu tatu zilikuwa na shirika moja la ndege, na Nairobi ndiyo iliyokuwa kituo chake kikuu. Ndege za Dar es Salaam zilipita hapo, za Entebbe zilipita hapo, zilizotoka Ulaya zilitua hapo kwanza. Karakana ilikuwa hapo, mafunzo yalikuwa hapo, jiko lililopika chakula cha abiria lilikuwa hapo. Na ndege nyingi zililala hapo, hata zile tulizoziita zetu.

Kazi za uwanja zilikwenda kwa zamu, kwa hiyo katika nyumba za wafanyakazi hata kunyonyesha kulikwenda kwa zamu. Jirani yake mlango kwa mlango alikuwa Agneta, mwanamke wa magharibi ya Kenya karibu na ziwa, aliyefanya kazi kule jikoni. Agneta akiwa zamu, Rozi alikuwa kwa shangazi, ziwa moja yeye na jingine Idrisa. Rozi alitangulia kuzaliwa kidogo, kwa hiyo alikuwa na ubabe wa mkubwa: akimaliza lake alitaka na la mwenzake.

"Kelele za ndege zilikuwa haziwaamshi?" nikauliza.

"Walizizoea. Kilichowaamsha ni kimya."

Asubuhi moja hakukuwa na ngurumo hata moja. Nchi tatu zilikuwa zimegombana mpaka shirika likavunjika, na watoto wote wa zile nyumba waliamka wanalia kwa pamoja. Muda si mrefu ikasemwa mpaka unafungwa, kila mtu arudi kwao. Lori la watu wa Tanzania lilipokuja, Agneta alikuwa ameitwa uwanjani kukabidhi vyombo vya jikoni. Shangazi alimnyonyesha Rozi, akamkabidhi mama wa nyumba ya tatu, akapanda lori na Idrisa mgongoni.

"Kila mwaka najiuliza," alisema, "jioni ile alinyonya nini."

Akaendelea kusaga. Nikachukua kinu nikamsaidia.

Kupitia Bereko na Babati

Tulipanda basi Kondoa tukiwa na mzigo mwingi kuliko watu waliohama. Kondakta alitaka mkeka uende juu. Shangazi akasema mkeka huu unasafiri ndani. Kondakta akasema mikeka ya biashara huenda juu. Shangazi akamuuliza kama mama yake yu hai. Kijana akajibu yu hai, alhamdulillahi. "Basi siku moja atakueleza kwa nini huu hauendi juu," shangazi akamwambia, na mkeka ukakaa katikati yetu kama abiria wa tatu.

Njia ya Bereko inapanda na kuzunguka, na baridi ilianza kuingia dirishani. Gurudumu likapasuka mahali penye nyumba mbili na shamba la mahindi. Wenye nyumba hawakupoteza muda, walitoka na jiko la mkaa na mahindi mabichi wakatuchomea. Wakati fundi anahangaika na jeki, abiria wote walishajua habari za Idrisa, kwa sababu shangazi akiulizwa jambo hajui kujibu nusu. Watu walianza kumsogelea kutoa pole. Hapo akawashangaza. Aliwashukuru, lakini mkono hakutoa.

"Pole yenu nimeipokea kwa masikio," alisema. "Ya mkono naihifadhi. Aliyefiwa mwenzangu hajajua bado."

Mama mmoja wa Babati alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mzee aliyekaa nyuma yetu akasema yeye amesikia, na kwamba zamani watu walisubiri hata mtu atoke vitani. Mabishano hayo yalitufikisha Babati bila mimi kuhesabu tena vituo. Arusha tulilala kwa rafiki yangu wa chuo, ambaye alidhani mkeka ni zawadi yake na akaushukuru sana. Ilinibidi nimrudishe nyuma kwa upole, nikampa asali.

Namanga

Mpakani kila kitu kilikwenda vizuri mpaka afisa wa ukaguzi, kijana wa Kenya mpole mwenye miwani, alipofungua kile kifuko cha mlenda. Unga mkavu, wa kijani, hauna lebo. Akaunusa. Akamwita mwenzake, naye akaunusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Mboga."

"Mboga ya unga?"

"Nipe sufuria na maji ya moto, nikupikie sasa hivi. Karanga ninazo."

Mimi, niliyeletwa kwa sababu siogopi sare, nilikuwa nimekauka. Nilianza kueleza kwa lugha ya ofisini, nikasema kwamba bidhaa husika ni mboga ya asili ya majani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kifuko kilivyozidi kuonekana cha kutisha. Kilichotuokoa ni dada mmoja, afisa wa upande wetu, aliyekuwa anapita na chai yake. Alitazama mara moja tu.

"Huo si mlenda? Wa wapi, Kondoa?" Akawageukia wenzake. "Mimi ni wa Singida, nimekua na huo. Unaua njaa tu, hakuna kingine humo." Akaomba kiganja kimoja, na shangazi akampa viwili.

Yule wa miwani akacheka, akaomba radhi. Kisha akasema kwa utaratibu tu, atakunjua na mkeka. Shangazi akauwekea mkono.

"Huu haukunjuliwi hapa, mwanangu. Ni wa matanga. Unatandikwa mbele ya mwenye msiba."

Niliona anafikiri. Aliubonyeza mwanzo hadi mwisho kwa vidole, kwa adabu, kama daktari anavyompima mtoto. "Pole, mama," akasema. "Mwende salama."

Uwanja wa zamani

Nairobi tulipokewa na Mzee Barasa, fundi wa ndege wa zamani niliyempata kwenye kundi la mtandaoni la wastaafu wa shirika lile. Yeye ndiye anayemfahamu Rozi. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu "Salama sana," nikabaki nimeduwaa mpaka nikakumbuka niko wapi.

Shangazi alitaka kwanza auone uwanja. Mzee akasema tumtangulie kwa teksi, yeye anapitia dawa zake. Dereva alisikia neno "uwanja wa ndege," akaona dumu, vifuko na mkeka, akatupeleka moja kwa moja kwenye mlango wa wanaosafiri. Mlinzi akatuuliza tunakwenda wapi.

"Tumefika," shangazi akajibu.

"Mmefika wapi, mama? Huku ni kuondoka."

"Mimi niliondoka zamani. Sasa nimerudi."

Mlinzi alinitazama mimi, nami nikatazama juu. Shangazi naye alikuwa anageuka huku na huku, hasira zinampanda. Vioo, ghorofa, magari ya foleni. "Hapa sipo," akasema. "Hapa si kwetu." Mzee Barasa alipofika alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaeleza kwamba jengo hili lilifunguliwa baada ya shirika kufa. La kwao liko upande wa pili wa barabara ya kurukia.

Kule hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimama kando ya barabara, nje ya uzio, na wazee wawili wakaanza kubishana kwa furaha. Pale ndipo palipokuwa na karakana. Hapana, karakana ilikuwa kushoto. Pale ndipo abiria wa Entebbe walipobadilishia ndege ya Dar.

"Siku ile," Mzee Barasa aliniambia, "zilikuwa zimepangwa hapa kama ng'ombe zizini. Mimi nilikuwa nimefungua injini ya moja, nikaambiwa shuka, funga kisanduku cha zana. Nikauliza, nani atairudishia? Hakuna aliyejua ni ya nchi gani sasa."

"Zote zilikuwa huku," nikasema, kidogo kwa lawama. Damu nzito, mnisamehe.

"Ndiyo, binti. Zilikuwa huku kwa sababu huku ndiko zilikolala. Na nyinyi mkafunga mpaka. Kila mtu alifunga kitu." Akamgeukia shangazi. "Lakini jiko la Agneta lilikuwa pale, si ndiyo?"

"Pale," shangazi akasema, na safari hii hawakubishana. Alinyoosha kidole kwenye kiwanja cha majani makavu na akatabasamu. Ndege ikapita juu yetu na ngurumo zake zote. Mimi niliziba masikio, lakini wao wawili hata hawakuinua vichwa.

Nyumbani kwa Rozi

Rozi anashona sare za shule, na anaishi ghorofa ya pili mtaa wa jirani tu na uwanja. Mama yake, Agneta, alishafariki. Mzee Barasa alikuwa amemwambia kwamba wageni wa Tanzania waliomjua mama yake wanakuja, basi. Habari nyingine shangazi alimkataza.

Alifungua mlango mwanamke mnene, mchangamfu, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Alituita ndani, akatuketisha kwenye makochi, chapati na maharagwe vikaja kabla sijapata pumzi. Shangazi alikuwa anamtazama tu. Nilijua anachofanya: anamtafuta yule mtoto.

"Mama alikuwa ananiambia habari zako kila siku," Rozi akasema. "Nikikataa kutumwa, anasema, huu ukaidi si wangu, huu ni wa maziwa ya Mama Idrisa. Mimi nilizaliwa peke yangu, unajua? Watoto wa shule wakinichokoza, nilikuwa nawaambia, ngojeni, niko na ndugu yangu Tanzania, atakuja awapige." Akacheka kwa moyo wote, akaongeza chai. "Sasa mbona Idrisa mmemwacha nyumbani? Si mngekuja naye?"

Mzee Barasa akaweka kikombe chini. Mimi nilitazama chapati yangu.

 Shangazi aliinuka, akafungua kamba, akavua khanga, na katikati ya sebule ile, kati ya meza na cherehani, akatandika mkeka. Akaketi, akanyoosha miguu, akapiga mahali kando yake kwa kiganja.

Rozi alisimama na birika mkononi. Sijui kwao wanafanyaje, lakini hakuhitaji kuelezwa. Aliliweka birika sakafuni taratibu, akavua viatu, akaketi pale alipoonyeshwa. Ndipo shangazi akamshika mkono, ule mkono aliowanyima abiria wote wa Kondoa hadi Babati.

"Pole, mwanangu. Umefiwa na kaka yako."

Nililia, jamani. Sikulia hivyo hata Busi. Rozi alilala mapajani kwa shangazi na kulia kama mtu aliyemjua Idrisa maisha yake yote, na shangazi alimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto acheue.

Baadaye jirani mmoja alibisha hodi, kasikia kilio. Rozi akamwambia amefiwa na kaka yake.

"Kaka yako gani? Si wewe ni mmoja tu?"

"Wa Tanzania."

Jirani hakuuliza zaidi. Alivua viatu. Kabla jua halijazama sebule ilikuwa imejaa, wanawake kwenye mkeka, wanaume kwenye korido na Mzee Barasa, mikate na maziwa vinaingia kwa zamu. Wengine waliomba kwa njia yao, shangazi akaomba kwa yake. Nilipewa pole na watu ambao hata majina yao siyajui, kwa Kiswahili kinachoniita "wewe" bila kunizungusha, na nilizipokea zote. Na ule mlenda ulipikwa kwa karanga. Waliuonja kwa woga, wakasifu kwa heshima, na Mzee Barasa peke yake ndiye aliyerudia sahani.

Rozi alituweka siku kadhaa. Alitaka kila kitu: Idrisa alikuwa mrefu au mfupi, alipenda kula nini, alikuwa mkaidi? "Sana," nikamwambia, na akafurahi. Aliuliza alivyokuwa akicheka, nikajaribu kumwigiza, shangazi akasema sivyo, akamwigiza yeye. Watoto wa marehemu alizungumza nao kwa simu mmoja mmoja, wakamwita shangazi bila kufundishwa.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi alisema sasa matanga yaanuliwe. Rozi akaukunja mkeka mwenyewe, akauzungushia khanga, akamkabidhi. Shangazi akaurudisha mikononi mwake.

"Mkeka wa matanga hukaa kwa mtoto wa kike," alisema. "Mimi nilizaa wavulana watupu. Ulikuwa unakusubiri."

Namanga, kurudi

Mpakani tulimkuta yule yule wa miwani. Alitukumbuka mara moja, nadhani kwa sababu ya mlenda. Akatazama mizigo yetu: vitambaa, majani ya chai, na gauni aliloshonewa shangazi, amelivaa tayari.

"Mama, ule mkeka mmeuacha?"

"Nimemwachia binti yangu."

"Kumbe una binti Nairobi?"

"Ninaye," shangazi akasema, akipokea pasi yake. "Ndiye mkubwa wao."